Vibao Kumi na Sita

Mashine ililetwa Jumatatu mchana ikiwa imefungwa ndani ya taulo la kuogea. Kiongozi wa bendi aliipakata kutoka mlangoni hadi sebuleni kama mtu aliyeazimwa mtoto. Mama Sare aliondoa sketi za shule zilizokuwa mezani, akafuta vumbi la chaki kwa kiganja, na taulo likafunguliwa. Kilikuwa kidude cheusi, ukubwa wake kama sinia dogo, chenye vibao kumi na sita vya mpira vilivyopangwa vinne vinne, kioo kisichozidi kiberiti, na vitufe vingi hata jicho halikujua lianzie wapi.

"Hii ndiyo sampla," alisema Kiongozi. "Inanasa sauti yoyote. Ukishainasa unaiweka kwenye kibao, na ukigonga kibao inalia ile ile. Ngoma zote za bendi zitakaa humu ndani. Hakuna kubeba madude tena."

Fimbo, mumewe Mama Sare, aliitazama kwa mbali. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wa kulia umelala mapajani. Miezi miwili nyuma aliteleza kwenye ngazi ya lori akishusha spika za bendi, kifundo cha mkono kikavunjika, na kilipounga kiliunga upande. Sasa mkono ule uliweza kushika kikombe, lakini kijiti cha ngoma kilimchoropoka baada ya mapigo matatu. Jina la Fimbo alipewa kwa ajili ya vijiti hivyo, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwita vinginevyo.

"Una wiki tatu," Kiongozi aliendelea, akimtazama Mama Sare badala ya kumtazama mwenyewe. "Jumamosi ile ya sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu. Nyimbo kumi na mbili. Ukiimudu, nafasi yako ni yako. Ukishindwa, Fimbo, mimi na wewe tumetoka mbali, lakini wenzangu wananisukuma."

"Ina kitabu cha maelekezo?" Mama Sare aliuliza.

Kiongozi akacheka, akatoa kitabu kinene kutoka mfuko wa koti. "Hiki hapa, shemeji. Kiingereza kitupu. Mimi kilinishinda ukurasa wa tatu."

Dada yake Fimbo, aliyekuwa akiishi nao tangu afiwe na mumewe, alichungulia kutoka jikoni akiwa na kisu na kitunguu. Aliitazama mashine kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo kaka yangu sasa atapiga ngoma kwa kubonyeza," alisema. "Kama anapiga simu."

Kiongozi aliangalia saa, akaaga.

Siku nne za mwanzo Fimbo hakutaka mtu amkaribie. Alikaa na mashine mezani tangu chai ya asubuhi, akibonyeza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na mashine ikimjibu kwa vilio vidogo vya kukataa. Mama Sare alikuwa kando ya dirisha kwenye cherehani yake, akipinda sare, masikio yote yako mezani.

"Imeandika kitu," Fimbo alisema siku ya nne, bila kugeuka.

"Kitu gani?"

"Sijui. Nisogee nikuonyeshe au usogee wewe?"

Akasogea yeye, sindano mdomoni. Alisoma, akaitoa sindano. "Inauliza kama una hakika."

"Hakika ya nini?"

"Haijasema."

"Sasa nitakuwaje na hakika ya kitu sikijui?"

"Labda kataa kwanza."

Lakini Fimbo hakuwa mtu wa kukataa kwanza. Alibonyeza kukubali, na sauti zote alizokuwa amezihangaikia tangu jana zikafutika. Walikaa wakitazama kioo kilichoandika neno moja tu, neno la kuonyesha hakuna kitu. Fimbo alivuta pumzi kwa pua, akasimama, akaenda kunawa uso.

Jioni ile Mama Sare alikichukua kitabu. Yeye alimaliza kidato cha nne, mumewe aliishia darasa la tano, jambo ambalo katika ndoa yao halikuwahi kutajwa kwa sauti. Kabla ya kuanza kushona nyumbani alifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha nguo, na huko aliwahi kujifunza mashine ya nyuzi nne kwa kutazama michoro ya kitabu tu, kwa sababu fundi wa kuwafundisha hakutokea. Alijua namna ya kukisoma kitabu kama hiki. Husomi ili uelewe chote. Unatafuta kitu kimoja, unakifanya kwa mkono, ndipo unakwenda kingine. Kufikia asubuhi alikuwa ameng'amua jambo lililomhangaisha mumewe siku zote zile: kila kitufe kilikuwa na kazi mbili, na ile ya pili, iliyoandikwa kwa rangi ya chungwa, haikupatikana mpaka ushikilie kitufe cha pembeni kwa mkono mwingine.

"Mkono mwingine," Fimbo alirudia alipoelezwa. Akautazama mkono wake wa kulia.

"Kushikilia tu," Mama Sare alisema haraka. "Si kupiga. Hata kiwiko kinatosha."

Wiki ya pili walikwenda pamoja kwenye stoo ya bendi kunasa sauti za ngoma ambazo Fimbo alikuwa akizipiga, kwa kuwa Kiongozi alitaka kuziuza kabla ya mwisho wa mwezi. Ngoma zilikuwa zimerundikwa pembeni chini ya turubai. Fimbo alizipanga mwenyewe kwa mkono mmoja na goti, akazikaza, akazigonga kwa ukucha na kusikiliza. Mama Sare aliweka maikrofoni kwenye kiti, akaiweka mashine kwenye hali ya ngoja ngoja, ile ambayo haianzi kunasa mpaka isikie sauti.

"Piga," akamwambia mumewe.

Fimbo aliinua kijiti kwa mkono wa kushoto, akapiga. Alitikisa kichwa. "Huu si mkono wangu wa ngoma hii. Piga wewe."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu?"

Katika miaka yote ya ndoa yao Mama Sare hakuwahi kuzigusa ngoma hizo isipokuwa kuzifuta vumbi. Alipiga.

"Usiiombe ruhusa, mama. Piga."

Akapiga tena.

"Sasa umeitukana. Legeza kifundo. Kijiti kianguke chenyewe, wewe kazi yako ni kukizuia kisikimbie. Ua mende, lakini mende usiyemchukia."

Mama Sare aliangua kicheko, na kicheko hicho kikanaswa na mashine, ikabidi kifutwe. Walipiga mpaka jua la alasiri likaingia kwa mlango. Pigo zito na pigo jepesi, ukingo wa ngoma na katikati yake, matoazi yakiwa wazi na yakiwa yamefumbwa kwa kiganja. Sauti kumi na sita, kila moja na kibao chake. Fimbo alizigonga moja moja kwa kidole na kusikiliza ameinamisha kichwa. Mama Sare alimwona anavyojitambua mle ndani, na tangu ajali ile ilikuwa mara ya kwanza uso wake kufunguka.

Taabu ilianza walipokuja kupanga nyimbo.

Fimbo aligonga mdundo wa wimbo wa kwanza kwa vidole vya kushoto, mashine ikaunasa na kuurudisha. Akasikiliza mara mbili. "Huyu si mimi."

"Ni zile zile ulizogonga."

"Si mimi. Mimi hili pigo la pili nalichelewesha. Kidogo tu, unywele. Watu wanacheza humo humo kwenye ule uchelewaji. Hii inapiga kama askari wa gwaride."

Mama Sare hakusikia tofauti, na hilo lilimwuma. Alirudi kitabuni, akakuta kurasa nzima. Mashine ilikuwa ikinyoosha mapigo yenyewe, kila pigo lililoachana na mstari inalisukuma mstarini, kama yeye anavyonyoosha pindo kwa rula. Akamwonyesha pa kuzima. Walipozima, mdundo ulirudi jinsi ulivyogongwa, na hapo wote wawili walisikia tofauti. Lakini pamoja na ule unywele wa Fimbo, kulisikika pia vidole vyake vya kushoto vikijikwaa, vikikosa, vikikimbilia pigo baada ya kuachwa nyuma. Kulikuwa na kunyooshwa akapotea, au kuachwa alivyo na ulemavu ukasikika ukumbi mzima.

Fimbo akauliza taratibu, "Hakuna njia ya tatu?"

Ilikuwepo, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, na ilikuwa ya mateso. Unaliita pigo moja kwenye kioo, unalisogeza mbele au nyuma kwa gurudumu dogo, unasikiliza, unaliita lingine. Mama Sare akazungusha, Fimbo akasikiliza amefumba macho.

"Nyuma. Nyuma zaidi. Umepitiliza, rudi. Hapo. Hapo ndipo."

Wimbo mmoja uliwala siku nzima. Wa pili nusu siku. Siku ya nne walikuwa na nyimbo tano, na Mama Sare alianza kulisogeza pigo kabla hajaambiwa, na mara nyingi Fimbo alisema tu "mm," maana yake sawa. Sare za watu zilirundikana kwenye kikapu.

Siku hiyo ya nne jirani alikuja kuulizia sketi ya mwanawe, akawakuta watatu wako sebuleni, wifi yake Mama Sare, na hao wawili mezani.

"Kimya, jirani," wifi alisema akimkaribisha. "Kaka yuko darasani. Siku hizi mwalimu wake ni mkewe. Anaambiwa bonyeza, anabonyeza."

Jirani alicheka kwa adabu. Fimbo hakucheka. Alinyoosha mkono wa kushoto ukutani, akang'oa plagi, na kioo kikafa.

"Sikuwa nimehifadhi," Mama Sare alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Za siku zote nne. Nilitaka tumalize kwanza ndipo nihifadhi zote. Zimebaki zile sauti kumi na sita tu."

Jirani akaaga bila sketi yake. Fimbo alivaa viatu, akatoka. Dada yake alisimama mlangoni akipindapinda upindo wa nguo.

"Mimi nilikuwa natania, wifi."

"Najua, wifi."

Mama Sare alirudisha plagi, akaanza upya, peke yake, wimbo wa kwanza, na safari hii alihifadhi kila baada ya mapigo kumi. Hakuwa na wa kumwambia nyuma au mbele. Alilisogeza pigo la pili mpaka sikio lake likamwambia hapo, na alipousikia ule unywele alishtuka kugundua kwamba anaujua. Alikuwa amelala na kuamka nao miaka ishirini na sita, ukipigwa mezani kwa kijiko, ukutani, kwenye ndoo ya maji, na siku zote alidhani ni kelele. Fimbo alipokubali kurudi mezani siku mbili baadaye, nyimbo zilikuwa tisa. Alizisikiliza zote bila kusema hata "mm." Zile tatu zilizobaki Mama Sare alizimaliza kabla ya siku ya mazoezi.

Alhamisi ya mazoezi bendi yote ilikusanyika ukumbini. Fimbo alivaa shati lake la jukwaani ingawa lilikuwa zoezi tu. Mama Sare alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kikapu cha kushona mapajani.

Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Lakini mashine hairuki yenyewe kutoka beti kwenda kiitikio. Lazima mtu aiambie kabla beti haijaisha, akiwa ameshikilia kitufe cha pembeni kwa mkono mmoja na kugonga kibao kwa mwingine. Kiwiko cha kulia kiliteleza. Beti ikajirudia, waimbaji wakiwa tayari wamepanda kiitikio, na kila kitu kikagongana.

"Tena," Kiongozi alisema.

Mara ya pili aligonga kibao cha pembeni yake, na wimbo mwingine kabisa ukalipuka. Mara ya tatu alichelewa, na badala ya kuitazama mashine alimtazama mkewe. Kila mtu aliliona jicho lile. Mpiga kinanda, kijana aliyejiunga na bendi mwaka uliopita, aliinamia vidole vyake akitabasamu.

"Mzee, tukuandikie namba kwa chaki?"

"Nyamaza," Kiongozi alimwambia. Kisha akavuta pumzi. "Shemeji, hebu njoo utusaidie. Kwa leo tu, ili wengine wafanye zoezi."

Mama Sare alimtazama mumewe. Fimbo alisogea pembeni hatua mbili. Mama Sare akapanda, akaweka mikono, na wimbo ukaenda. Beti, kiitikio, beti. Mwimbaji wao, mwanamama mnene aliyekuwa akiimba na Fimbo tangu wakiwa vijana, alinyanyua mkono kuomba kiitikio kirudiwe, na kikarudiwa. Alinyanyua tena, kikarudiwa tena. Wimbo ulipoisha aligeuka kabisa.

"Huyu ni Fimbo anayepiga humu," alisema. "Kabisa ni yeye. Nani kakuonyesha?"

"Yeye," Mama Sare alijibu.

Kiongozi alikuwa amekunja mikono. Alizunguka kidogo, akakohoa, akasema lile alilokuwa nalo. "Nyie ni nyumba moja. Mfuko ni mmoja. Kuna ubaya gani Jumamosi akapanda shemeji? Fimbo apumzike, mkono upone vizuri."

Mkono ulikuwa umeshapona kadiri ya uwezo wake wote, na hakuna aliyekuwa ukumbini asiyelijua hilo.

"Mchukueni," Fimbo alisema. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akatoka.

Nyumbani alikutwa amekaa uani, shati la jukwaani limekunjwa na kuwekwa kwenye kamba kama kitambaa cha mtu mwingine.

"Nimewaambia nitakuuliza kwanza," Mama Sare alisema.

"Nenda."

"Nenda ya hasira au nenda ya kweli?"

"Kwani nenda ziko ngapi?"

"Ziko mbili, na wewe unazijua."

Fimbo alitazama ukuta. "Mke wangu anapanda jukwaani na mashine iliyonishinda, watu wanacheza mdundo wangu, mimi nipo nyumbani nasubiri aniletee sahani ya sherehe. Niambie wewe hiyo ni nenda ya namna gani."

"Nisiende, basi?"

"Usipokwenda tutakula nini? Sketi ulizoacha kushona kwa ajili yangu?"

Dada yake Fimbo alikuwa dirishani, akalifunga taratibu.

Mama Sare angeweza kusema anakwenda kwa ajili ya nyumba, na ingekuwa kweli. Lakini njia nzima kutoka ukumbini alikuwa ametembea na jambo jingine, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kumtazama machoni. Alitaka kwenda. Mwimbaji aliponyanyua mkono na kiitikio kikarudi kwa kidole chake, kilimpanda kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu akiwa msichana, na hata mumewe alipokuwa akitoka ukumbini, kitu hicho kilikuwa hakijashuka. Aliona haya, lakini haya hazikukiondoa.

"Nakwenda," alisema.

Fimbo akaitikia kwa kichwa. Tangu wakati huo hadi Jumamosi alisema naye mambo ya maji, funguo na dawa ya mkono, basi.

Sherehe ilianza saa nane mchana. Mwalimu mkuu, mtu mfupi mwenye suti iliyombana, alisomewa hotuba nne na kukabidhiwa saa ya ukutani, kisha Kiongozi akageuka na kumwashiria Mama Sare kwa nyusi. Aligonga kibao cha kwanza. Wimbo mzima wa kwanza hakuinua macho, wa pili akayainua. Kwenye wa tatu mwalimu mkuu alivua koti, akaingia katikati na kuanza kucheza na walimu wake, kiuno kikichelewa kidogo, pale pale panapotakiwa kuchelewa. Mwimbaji alinyanyua mkono mara sita. Mara sita Mama Sare alimpa.

Ilipofika saa kumi na moja walifunga vyombo. Kiongozi alimwambia, "Shemeji, wewe ni mwenzetu sasa," na Mpiga kinanda akamsaidia kukunja nyaya bila kuambiwa. Alitoka getini na mashine begani ndani ya mkoba.

Fimbo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Nilikuwa napita," alisema.

Walitembea. Walipita duka la vifaa vya ujenzi na kituo cha mafuta kabla hajauliza, "Walicheza?"

"Walicheza."

"Ule wa tatu, pa kuingilia kiitikio. Ulipapata?"

Mama Sare alifikiri upesi. "Nilichelewa. Nilibonyeza mwisho mwisho, Mwimbaji akanikata jicho. Ungekuwepo ungenirekebisha."

Fimbo alisimama, kisha akaendelea kutembea.

"Usinidanganye, mama. Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Nyuma ya ukumbi, kwenye dirisha la vyoo. Tangu wimbo wa kwanza. Mlinzi kanifukuza mara mbili, nikarudi mara mbili." Alikuwa akiongea na barabara. "Hukuchelewa. Hukukosea hata mahali pamoja."

Mama Sare alimgeukia.

"Nilikuwa nasubiri ukosee," Fimbo alisema. "Nataka ulijue hilo. Nimesimama pale saa mbili nzima, nasikiliza mikono yangu mwenyewe, namwomba Mungu ukosee."

Gari lilipita likiwatimulia vumbi, wakasubiri lipungue. Mama Sare alihamisha mkoba kutoka bega moja kwenda jingine. Alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Mnapiga wapi tena?" Fimbo aliuliza walipokuwa wameifikia njia ya kwao.

"Jumamosi ijayo. Hapo hapo."

Alitembea kidogo, akiusugua mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Basi mwambie yule mlinzi," alisema, "asinifukuze."